Daraja la Kocha

Barua imetoka Dar, ina mhuri na visanduku kumi:
"Wewe uliyetunza kitabu cha alama misimu mitatu,
pima mchango wa kocha kwa timu ya taifa ya wasichana.
Moja ni hafifu, kumi ni bora. Tia tiki."
Nimeiweka juu ya mizani ya ghala, hapa Masasi.
Mshale haukutikisika.

Kazi yangu ni kukata korosho.
Gunia likishuka nachomeka bambo, nachota, nahesabu,
napasua moja moja:
nyeupe huku, zenye madoa kule, zilizooza miguuni.
Mafuta ya maganda yameniunguza vidole tangu ujana
lakini sijawahi kulala na shaka.
La kwanza ni la kwanza.

Kocha Dastani Nampota nitampasuaje?

Kitabu ninacho. Kitabu kinasema
mechi kumi na tisa, ushindi mara saba.
Kabla yake, mechi hizohizo kumi na tisa, mara tatu.
Mwenye haraka atatoa tatu kwenye saba
aseme nne zilizobaki ni za Dastani.
Hiyo ni kangomba, ndugu yangu,
kununua mavuno kwa bakuli maua yakiwa bado mtini.
Maana mwaka uleule Somoe Chinduli alirefuka kiganja kizima,
mpira wake ukaanza kudundia pale
ambapo gongo la mpigaji halifiki.
Nani alimrefusha? Kocha, au mihogo ya mama yake?
Na wale tuliowafunga kwa wiketi sita
walikuja na nahodha mwenye homa. Nilimwona akitapika
nyuma ya choo cha shule.

Lakini pia niliona haya.
Mkeka wa katani tuliochezea ulikuwa unajikunja.
Kila asubuhi, kabla ya umande kukauka,
alikuwa amepiga magoti, anagongea misumari mwenyewe,
mdomoni misumari mingine minne.
Na zamani, msichana akidondosha mpira wa kudaka,
ugomvi ulikula ova nzima.
Alipokuja yeye, ukidondoka, kimya.
Mtu anauokota, anaurudisha, wanajipanga.
Kitabu changu kina safu ya mikimbio, ya wiketi,
ya mipira iliyopita pembeni.
Ukimya ule niuandike wapi?

Halafu yupo Agripina Likwata.
Alifungua mchezo tangu shuleni, mikono imeachana kwenye gongo
kama anayetwanga. Thelathini, arobaini, thelathini na mbili.
Kocha akamwambia, huo ni mshiko wa mchi.
Akaibananisha mikono yake. Akaibadilisha tena. Akairudia.
Nne. Nne. Sifuri. Mbili. Sifuri.
Siku hizi anauza vocha karibu na stendi.
Akiniona ananiamkia, ananiuliza bei ya mnada,
jina la Dastani halimtoki.
Kama Somoe ni wa kocha, Agripina ni wa nani?

Nilimuuliza mke wangu, mwenye mikorosho arobaini Nanganga.
Akasema, "Ukipuliza salfa, ukavuna, salfa ndiyo iliyozaa?"
"Hapana. Mti umezaa."
"Na usipopuliza?"
"Ubwiri unga unamaliza maua."
"Basi."
Akaendelea kuchambua choroko.
Nikamwambia, "Na salfa ikizidi?"
"Inababua majani," akasema, bila kuinua macho.

Usiku huu visanduku vyote kumi nimeviacha vitupu.
Nyuma ya karatasi nimenakili alama za Agripina,
mechi kwa mechi, na chini yake za Somoe,
na chini kabisa: misumari aligonga mwenyewe.
Nilitaka kuongeza neno. Kalamu ikakataa.

Nimefunga bahasha. Kidole kimeacha doa la kahawia
pembeni mwa anwani, mafuta ya ganda, hayafutiki.
Huko Dar watadhani ni uchafu.